Mfalme Aliyekohoa

Mfalme alikohoa.

Jicho aliisahau pasi juu ya sketi yake ya kazi mpaka harufu ya kuungua ikamzindua. Tamthilia hiyo ya redio alikuwa akiisikiliza tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na katika maisha yake yote mfalme yule hakuwahi kukohoa. Aligawa nchi yake kwa mabinti zake, akamfukuza yule mdogo aliyekataa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akanguruma, akalaani, akatoka kwenye dhoruba bila kofia. Lakini kukohoa, hata siku moja. Wafalme wa redioni hawana mafua.

Alirudisha kanda nyuma. Ilikuwa kanda kubwa ya duara, ya zile zinazozungushwa na mashine yenye magurudumu mawili, nzito kuliko cherehani. Akasikiliza tena. Mfalme anaitisha ramani ya nchi, karatasi inakunjuliwa, na kabla ya neno linalofuata, kho! Kikohozi kifupi cha mtu aliyepaliwa na mate.

"Mama," aliita. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?" alijibu mama yake kutoka jikoni, na jibu lile lilikuja haraka mno.

Wengine wangesema kikohozi ni kikohozi tu, wakaendelea kupiga pasi. Jicho hakuumbwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mlango wa kutokea wa duka kubwa la vyakula na kukagua mifuko ya wateja. Jina hilo walimpa wafanyakazi wenzake, na mpaka mama yake mzazi alikuwa amelizoea. Aliwahi kumtoa mama mmoja mnene chupa ya mafuta ya kupikia kutoka ndani ya kilemba. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba mfalme amekohoa kwa bahati mbaya.

Tena huyu hakuwa mfalme wa watu baki. Mfalme alikuwa baba yake. Zamani, redio ilikuwa na kikundi chake cha waigizaji, na kila juma walicheza tamthilia za yule Mwingereza wa kale, zikiwa zimetiwa katika Kiswahili kitamu mpaka watu wakasahau kwamba ni za kizungu. Baba yake alikuwa sauti ya mfalme. Mama yake alikuwa sauti ya yule binti mdogo, mkweli, ambaye mwishoni hufa na kubebwa mikononi mwa baba yake. Baba alifariki Jicho akiwa bado anatambaa. Redio ilipohama jengo na kanda za zamani kutupwa nje kama takataka, mama aliiokota hiyo moja, akainunua na ile mashine chakavu, akaja navyo nyumbani.

Basi hiyo ndiyo sauti pekee ya baba ambayo Jicho aliijua. Watoto wenzake walikuwa na baba wa kuwatuma dukani na kuwauliza kama wamekula. Yeye alikuwa na baba wa kulaani mabinti. Alipokuwa mdogo aliamini kwamba laana zile zote zilikuwa zake, kwamba kuna kitu alikifanya, na aliposikia mfalme akiwaombea mabinti wasizae alijifunika shuka mpaka kichwani. Alipokua alielewa kwamba ni mchezo tu. Lakini aliendelea kusikiliza, kila Jumapili akipiga pasi, kwa sababu baba anayelaani ni bora kuliko baba aliyenyamaza. Ilimuuma, na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo kikohozi kile kilikuwa na mtu aliyekitia humo, na Jicho alimjua. Mzee Wembe.

Mzee Wembe alikuwa ameingia nyumbani kwao miezi michache nyuma. Mama alikutana naye kwenye foleni ya kliniki ya macho. Mama alikuwa akilalamika kwamba benchi ni gumu, mara mzee mmoja mwembamba, mwenye suruali iliyofungwa kwa mkanda uliozunguka karibu mara mbili, akageuka machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameitambua sauti ya binti mfalme. Akajitambulisha: yeye ndiye aliyekuwa mkata kanda wa redio. Siku zile, mwigizaji akikosea au akipiga chafya, kosa halikufutwa kwa kubonyeza kitufe. Alikuwapo mtu mwenye wembe, anakikata kipande kibovu cha utepe, anaziunganisha ncha mbili kwa karatasi ya gundi. Ndiyo asili ya jina lake. Baada ya msiba wa baba alihamia mji mwingine, miaka ikapita, sasa amestaafu na amerudi.

Jicho aliposikia kwamba mtu aitwaye Wembe anakuja kunywa chai, alibadilisha kitasa cha kabati.

"Shikamoo mzee," alimwambia siku ya kwanza, na salamu hiyo alimpa kama risiti.

"Marahaba, mwanangu. Umefanana na marehemu, hasa hapo unaponinunia." Mzee akaitazama mashine pale kwenye meza ya kona. "Kumbe kanda ipo! Naweza kuiona?"

"Kuona kwa macho unaruhusiwa. Mikono kaa nayo. Na wembe, mzee wangu, hata kwa kunyolea ndevu, usiingie nao humu."

Mzee alicheka. Mama hakucheka, alianza kupangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi. Jicho akirudi kutoka zamu yake mchana alimkuta ameshakaa kwenye kochi, anamwita mama "shemeji", mama naye amevaa hereni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Jicho aliitafuta hiyo kamba kwa bidii. Anataka nini? Nyumba? Mama? Mke wa pili hana, wa kwanza alishafariki, haya yote aliyauliza mapema. Kila mzee alipotaka kuondoka, Jicho alisimama mlangoni, na mzee kwa utani akamfungulia mfuko wake wa kitambaa auchungulie. Mara zote ulikuwa na kanda za video, miwani na kopo kuukuu la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira.

"Dawa za tumbo," alisema mzee kuhusu kopo. Jicho aliliacha, na baadaye alijilaumu sana kwa uzembe huo.

Lakini haki ya mtu mpe: Jumamosi zile zilikuwa tamu. Mzee alileta tamthilia zilezile zilivyochezwa na televisheni ya ng'ambo kabla rangi haijaingia kwenye vioo. Ngome za wafalme zilikuwa za mbao nyembamba. Mlango ukifungwa kwa hasira, ukuta mzima wa mawe unatikisika kama pazia. Mzimu wa mfalme aliyeuawa ulipakwa unga, na ukipita mbele ya taa unaona soksi zake. Waigizaji waliongea Kiingereza cha kale ambacho hata Waingereza wenyewe nadhani walikuwa wakikikisia, lakini mama aliyajua maneno yote kwa Kiswahili chake cha redioni, na alikaa pale na magoti yake mabovu akiwatangulia kwa nusu sentensi, malkia, mchawi, askari, wote kwa zamu.

"Sikiliza radi hiyo," alisema Mzee Wembe. "Hilo ni bati. Sisi bati letu tulilitoa kwenye paa la choo cha studio, mvua ikinyesha mkuu wa vipindi alikuwa akienda haja na mwavuli."

"Na jeshi?" mama alichokoza.

"Jeshi zima la wavamizi lilikuwa mpishi wa chai, anakanyaga changarawe kwenye beseni."

Jicho alikuwa akijifanya anakunja nguo. Alicheka, akakata kicheko katikati, akakunja shati lilelile mara ya tatu.

Siku moja waliangalia ile ya jemadari anayemuua mkewe kwa sababu ya leso. Rafiki mnafiki anaiiba leso ya mke, anaipeleka kwa mwanamume mwingine, na jemadari akiiona huko hahitaji maelezo zaidi.

"Mjinga yule," mama alisema. "Ameiamini leso kuliko mtu aliyelala naye kitanda kimoja."

"Leso ni ushahidi, mama," alisema Jicho. "Ushahidi ni ushahidi."

Mzee Wembe alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye kioo.

Sasa mfalme amekohoa. Na Jumapili iliyofuata, katikati ya dhoruba, mfalme alicheka. Hakucheka kile kicheko cha kichaa kilichokuwa kwenye tamthilia; alicheka kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake gizani, kisha akasema "samahani" kwa sauti ndogo, ndipo akaendelea kuzitukana mbingu. Sauti ilikuwa ya baba yake, hilo hakulitilia shaka. Ila mfalme huyu hakuwa yule wake.

Kazini alimsimulia bawabu wa duka, mtu wa makamo aliyejua kila kitu isipokuwa namna ya kufika mapema.

"Dada, hapo umeshapigwa," bawabu alisema bila kufikiri. "Hawa wa redio walikuwa wanarekodi mara mbili tatu. Iliyo safi wanaitangaza, mbovu inawekwa kando. Huyo mzee amekuachia mbovu, safi ameondoka nayo. Siku hizi kuna watu wanazitafuta kanda za zamani kama almasi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Jicho hakulala vizuri. Siku iliyofuata alichukua rangi yake nyekundu ya kucha akatia nukta ndogo kwenye duara la kanda, chini, mahali asipopaona mtu. Ndivyo walivyofanya dukani kwa bidhaa zilizokuwa zikibadilishwa. Jumamosi ikapita. Jumapili akageuza duara: nukta ipo palepale. Kanda ilikuwa ileile.

Hapo angeweza kumshukuru Mungu na kumwomba mzee radhi moyoni. Badala yake aliuvuta utepe taratibu kwa vidole, mbele ya dirisha, hatua kwa hatua, na akaona viraka vyeupe. Vipya, vinang'aa. Pale pa kikohozi kimoja huku na kimoja kule. Pale pa kicheko vivyo hivyo. Kumbe mzee haibi kanda nzima. Anaikata kidogo kidogo, anachukua vipande vya baba yake na kuziba mapengo kwa makombo ili wasigundue. Jicho aliketi sakafuni. Alikasirika mpaka akaona aibu kwa kulia, kisha akalia.

Hakumwambia mama. Mama alikuwa na hereni zake. Mama, kwa fikra za Jicho, alikuwa ameshalishwa maneno.

Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa, akaondoka kazini zamu ikiwa nusu. Aliingia uani wakati Mzee Wembe ameinama kizingitini anavaa viatu, tayari kuondoka mapema kuliko kawaida, mfuko begani.

"Mzee. Naomba mfuko."

Haikuwa sauti ya nyumbani. Ilikuwa ile ya mlango wa duka, na jirani wa mlango wa pili aliacha kuanika nguo. Mzee aliufungua mfuko kama alivyozoea, akitabasamu. Jicho hakuchungulia. Aliingiza mkono, akatoa kopo, akaung'oa mpira. Ndani kulikuwa na karatasi ya gundi, wembe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, na utepe wa kahawia, vipande vifupi vifupi, vimekunjwa kimoja kimoja kama vishikizo vya nywele.

"Dawa za tumbo!" Jicho alipaza sauti. "Mzee mzima, una mvi, unakaribishwa chai, halafu unamwibia marehemu! Hana kaburi lingine la kuongea huyu! Ana hili tu!"

"Mwanangu, mimi sikukata sasa. Nilikata zamani, sasa na..."

"Usiniite mwanangu. Toka."

Mzee alimtazama mama, aliyekuwa amesimama ndani akijishikilia kwenye kochi. Kisha akafunga kamba ya kiatu kimoja, cha pili akakiacha wazi, akatoka. Alikuwa anatetemeka mikono, na Jicho aliliona hilo akalihesabu pia kuwa ushahidi.

Jirani alirudi kwenye nguo zake. Mama aliketi.

"Umeiokota leso," alisema.

"Mama, tafadhali. Nimeikuta mfukoni mwake!"

"Ndivyo hata yule jemadari alivyosema. Weka kanda."

"Kuna nini cha kusikiliza? Ameimaliza."

"Nimesema weka kanda. Peleka mwisho, pale ninapokufa."

Jicho aliiweka, angalau amwoneshe mama hasara iliyofanyika. Magurudumu yakazunguka. Alipajua mahali hapo kuliko njia ya kwenda kazini. Mfalme anaingia na maiti ya binti yake mikononi, analia mpaka redio inakwaruza. Halafu kuna pumzi moja, fupi, kama mtu amemeza kitu. Halafu anaendelea kulia. Tangu utoto Jicho aliipenda ile pumzi. Alidhani hapo ndipo baba yake alipoishiwa.

Mfalme aliingia. Mfalme alilia. Ikaja pumzi, na nyuma ya pumzi, kutoka mbali kama chumba cha pili, akalia mtoto mchanga.

Jicho aliinua kichwa.

Mtoto akalia tena, kwa nguvu. Mfalme akapiga kimya. Halafu ikatoka sauti ambayo Jicho hakuwahi kuisikia, nyembamba kuliko ya mfalme, ya kijana, yenye kicheko kinachochungulia: "Huyo ni wangu. Haya maiti, inuka ukanyonyeshe."

Watu wakaangua kicheko. Kiti kikakwaruza. Mama, mama wa miaka hiyo, akasema huku akicheka, "Si umeniua mwenyewe?"

"Basi mleteni hapahapa. Mleteni kwa baba." Mlango, nyayo, kilio kikisogea mpaka kikajaa kwenye kipaza sauti. "Nani kamuudhi? Eh? Nani huyo kamuudhi binti mfalme? Tutamnyang'anya nchi."

Mtoto akakwama katikati ya kilio. Akanyamaza.

Mtu fulani akasema kwa haraka, "Jamani, kanda inakwenda!" Kisha kiraka, na mfalme akaendelea kumlilia binti yake aliyekufa.

Jicho alisimamisha mashine. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono ulioshika kopo.

"Wembe aliambiwa akikate akitupe," alisema mama. "Alikikata. Hakukitupa. Kila kosa la baba yako alilificha kwenye hilo kopo, alikohamia alikwenda nalo. Alipotuona akasema shemeji, hivi si vyangu, nivirudishe mahali pake kabla mikono haijanikatalia kabisa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungekubali wembe uiguse hiyo kanda?"

Jicho alilitazama kopo mkononi.

"Alikuwa anaanza na vidogo ajaribu mkono," mama aliendelea. "Hiki cha mtoto kilimtisha. Tangu asubuhi leo alikuwa anakishughulikia, jasho linamtoka. Alisema hataki kuwepo utakapokisikia. Aliona haya."

Jicho alifunga kopo kwa mpira, akatoka hivyohivyo na sare yake ya kazi. Alikimbia kupita maduka ya simu, akapita fundi wa viatu, akamkuta mzee kwenye kona ameegemea ukuta, anapambana na ile kamba ya kiatu iliyomshinda.

Alipomwona, Mzee Wembe aliacha kamba. Aliushika mfuko wake kwa mikono miwili, akaufungua mbele yake, ili akague.

Jicho aliliweka kopo ndani ya mfuko, akaufunga yeye mwenyewe. Halafu akapiga magoti pale barabarani, watu wakipita, akamfunga mzee kamba ya kiatu.

"Vimebaki vingapi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Vichache. Vya maana vimekwisha. Vilivyobaki ni chafya, na kimoja anauliza kama chai ipo."

"Jumamosi uje."

"Nije nikaguliwe?"

"Uje tu, baba," Jicho alisema. "Uje na wembe."